Kazi za Mikono Kandokando ya Ziwa

Mwishoni mwa Agosti 1889 msafara wa Henry Morton Stanley, ukiwa hoi baada ya safari ndefu ya kumtoa Emin Pasha kaskazini, uliingia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria. Hapo palikuwa na kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS, na mwenyeji wa msafara alikuwa Mskoti mmoja mfupi mwenye ndevu, Alexander Mackay. Katika maelezo aliyoacha kuhusu kituo hicho, Stanley alikaa sana kwenye karakana: jengo kubwa na imara lililojaa mashine na zana, wahunzi wakiandaa boila ya chombo cha majini, mtumbwi mkubwa uani ukikarabatiwa, mashimo ya kupasulia mbao na magogo ya miti migumu yakingoja msumeno.

Mackay hakuwa mmisionari wa kawaida. Alisomea ualimu Edinburgh kwanza, kisha uhandisi, akaenda Ujerumani mwaka 1873 kuchora mashine. Alifika Buganda Novemba 1878, na kule Natete karakana yake ikawa pia darasa. Vijana waliokuja kushangaa tanuri na tezo walijikuta wakifundishwa kusoma palepale, kwenye karatasi zilizochapwa kwa herufi kubwa ambazo Mackay alizichonga mwenyewe kwa mbao. Alipofariki mama yake Kabaka Muteesa mwaka 1882, ni Mackay aliyeitwa kusimamia utengenezaji wa jeneza, nalo likawa kubwa kuliko chumba cha kulala cha watu wengi. Kabaka Mwanga, mrithi wa Muteesa, alipomfukuza mwaka 1887 alivuka ziwa hadi Usambiro, akaanza upya. Malaria ilimuua tarehe 8 Februari 1890, chombo chake cha mvuke kikiwa bado hakijakamilika. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Ni rahisi kuianzisha hapo historia ya ufundi kwa watoto wa Kanda ya Ziwa, na vitabu kadhaa vimefanya hivyo. Itakuwa kosa. Mackay alipowasha moto wake Usambiro, ng'ambo ya ghuba, upande wa Geita na Biharamulo, Warongo walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukumani na mbali zaidi. Jembe lilikuwa chombo cha kulimia, bidhaa ya kubadilishana na mali ya kutolea mahari. Upande wa magharibi, Buhaya, habari ilikuwa ya kale zaidi. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery walieleza mwaka 1978, katika jarida la Science, kwamba watu wa eneo hilo waliyeyusha chuma kwa joto kali sana zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Walijuaje? Wazee. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani waliombwa kujenga tanuri tena, baada ya miaka mingi ya kuiacha kwa sababu chuma cha kuletwa kilikuwa rahisi. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya bwawani yaliyochomwa, wakainua kuta kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mabaki ya chuma cha zamani, kisha wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili upepo wa mivukuto upate moto kabla ya kulifikia kaa. Mara ya kwanza haikuwa shwari. Walirekebisha, wakajaribu tena, na hatimaye chuma kikatoka.

Hapo ndipo pa kuangalia. Mtoto wa mhunzi aliyekaa pembeni ya tanuri la namna hiyo alianza chini kabisa, kwa kubeba makaa na kupuliza mvukuto, na miaka ilipita kabla hajakabidhiwa nyundo. Lakini katika miaka hiyo alimwona baba au mjomba akipima udongo kwa vidole, akibishana na wenzake kuhusu urefu wa mrija, akikosea na kubomoa. Alijifunza ufundi pamoja na uamuzi unaouzaa ufundi. Tuongeze, ili tusipambe mambo, kwamba mlango huo ulikuwa mwembamba: mwiko uliwaweka wanawake mbali na tanuri, na ujuzi wenyewe ulibaki ndani ya ukoo. Msichana alijifunza kwingine, kwenye vyungu, mikeka na vikapu, kwa utaratibu uleule wa kutazama, kujaribu na kusahihishwa.

Aliyetuachia picha pana ya maisha hayo ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ndefu kuhusu Myombekere na Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Humo kisa kinasimama mara kwa mara ili msomaji aonyeshwe jinsi pombe ya ndizi inavyoandaliwa au jinsi kazi fulani ya nyumbani inavyofanywa hatua kwa hatua. Wahakiki wengine huona kwamba hadithi inacheleweshwa. Kwa anayetafuta historia ya mafunzo ya watoto visiwani, kucheleweshwa huko ndiko kwenye faida.

Shule zilipokuja, zilikuja na ufundi mlangoni. Mapadre Weupe walioondoka Buganda mwishoni mwa 1882 walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwanzoni mwa 1883 wakiwa na watoto yatima waliokuwa chini ya ulezi wao, na misheni haikuweza kusimama bila maseremala na waashi. Wajerumani waliofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892 waliweka humo mafunzo ya ufundi, kwa kuwa utawala ulihitaji makarani na mafundi kwa pamoja. Hata Makerere ya Uganda, ambayo leo hakuna anayeihusisha na randa, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umekanika.

Kisha Waingereza wakaifanya hoja hiyo kuwa sera. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey wa Gold Coast. Pendekezo lake kuu lilikuwa elimu iendane na maisha ya kijijini: kilimo, afya, usafi, kazi za mikono. Kwenye karatasi halikuwa wazo baya. Tatizo ni kwamba mzazi wa Kiafrika alijua kusoma alama za wakati. Aliona kwamba mwenye kalamu ndiye aliyekaa ofisini kwa bwana shauri, na mwenye jembe alilipa kodi. Mtoto wake akipelekwa shule kisha akarudishiwa jembe, basi amepunjwa. Shaka hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950, wakati shule za kati za darasa la tano hadi la nane zilipotakiwa kuwa na mashamba na kazi za mikono. Wanafunzi wengi walizihesabu saa za shambani kama adhabu iliyoingizwa kwenye ratiba.

Ilichukua mtu wa kandokando ya ziwa hilihili kuligeuza suala zima. Julius Nyerere, aliyeanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Kijitabu hicho kinakumbukwa kwa shamba la shule. Wanaokisoma leo hukuta jambo jingine ambalo utekelezaji uliliacha njiani: Mwalimu alisisitiza kwamba wanafunzi wenyewe washiriki kupanga, kuamua na kutunza hesabu za shamba au karakana yao, wajaribu mbinu mpya na waone matokeo. Kwa maneno mengine, mtoto awe mwenye mradi.

Miaka saba baadaye, Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane kufikia mwaka 1977. Azimio la Musoma liliwaingiza darasani watoto wengi mno kwa muda mfupi. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo kazini ili wawe walimu. Ni moja ya mambo makubwa kabisa yaliyowahi kufanywa na nchi hii. Lakini katika darasa lililojaa pomoni, lenye mwalimu kijana ambaye hakuwahi kushika patasi, kazi iliyobaki rahisi kusimamia ilikuwa moja tu: kulima.

Usukumani kulima kulikuwa na maana ya pamba. Shule nyingi za vijijini zilikuwa na shamba lake, na asubuhi fulani za wiki mwanafunzi alifika na jembe begani badala ya madaftari. EK, kama wanafunzi walivyoiita Elimu ya Kujitegemea, ilipimwa kwa kilo na kwa fedha iliyoingia kwenye mfuko wa shule. Nani aliamua zilimwe ekari ngapi, mbegu gani, lini? Mwalimu wa miradi, au mwalimu mkuu, au agizo kutoka wilayani. Mtoto alipangiwa tuta lake.

Hata hivyo ndani ya EK hiyohiyo ulikuwepo ufundi halisi, mara nyingi bila kuitwa ufundi. Chukua mpini wa jembe. Mtoto aliambiwa alete mpini kesho, basi. Ilimbidi aujue mti usiopasuka, akate tawi lenye kichwa kinene mwishoni, alimenye na kuliacha likauke kivulini, kwa maana jua kali hulipasua. Kisha mkia wa jembe ulipashwa moto mpaka ukawa mwekundu na kuchomekwa kwenye kichwa cha mpini, moshi ukifuka, hadi ukatoboa upande wa pili. Ukichomwa wima sana, jembe litaparaza juu ya udongo. Ukilazwa sana, mlimaji atavunjika mgongo. Pembe iliyo sahihi inategemea urefu wa mwenye jembe na uzito wa udongo, iwe mbuga nyeusi au mchanga wa mlimani. Hilo ni somo kamili la ubunifu na teknolojia, lenye mahitaji, malighafi, vipimo na majaribio. Shule ililiagiza kama kifaa cha kuingilia getini, bila kulifundisha.

Serikali nayo iliona pengo. Katikati ya miaka ya 1970 vilianzishwa vituo vya ufundi stadi kwa waliomaliza darasa la saba, vingi vikiwa kwenye viwanja vya shule za msingi. Vilikuwa mamia nchi nzima, na fani zake zilifahamika: useremala, uashi, uhunzi wa mabati, ushonaji. Mwanza ilikuwa na bahati zaidi ya mikoa mingi, kwani juu ya vituo hivyo palikuwa na Bwiru, moja ya sekondari chache za ufundi nchini pamoja na Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga, Mtwara na Musoma. Mbili kati ya hizo saba, Bwiru na Musoma, zilikuwa hapa ziwani. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, vituo vilikuwa vya kwanza kuumia. Randa iliyopoteza ubapa haikununuliwa nyingine, mbao zikawa ghali, mwalimu wa ufundi akahamia mtaani kujitafutia. Sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliweka mafunzo ya ufundi kwenye vyuo vyake, kama kile cha Nyakato, Mwanza, vilivyo kwa ajili ya vijana waliokwisha kutoka shule. Mtoto wa darasa la nne alibaki na jina la somo tu.

Jina hilo lilikuwa Stadi za Kazi. Katika mtaala wa 2005 lilikusanya chini ya mwavuli mmoja mapishi, ushonaji, ufinyanzi, useremala, kilimo, sanaa na muziki. Mwalimu mmoja, mara nyingi bila cherehani wala msumeno, alitakiwa kuyafundisha yote. Njia iliyobaki ilikuwa ubao. Mwanafunzi alinakili hatua za kutengeneza chungu, akachora chungu, akapigiwa mstari mwekundu pale alipokosea tahajia. Na juu ya hayo, mtihani wa darasa la saba wa miaka hiyo ulikuwa na masomo matano: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Stadi za Kazi haikuwemo. Mwalimu yeyote wa Tanzania anajua kinachotokea kwa somo lisilo kwenye mtihani wa taifa pale mtihani huo unapokaribia: kipindi chake hugeuka kuwa cha Hisabati. Wa kulaumiwa hapo si mwalimu, kwani yeye hupimwa kwa ufaulu.

Kwingine duniani walichukua njia nyingine. Finland, kwa msukumo wa Uno Cygnaeus, iliifanya kazi ya mikono kuwa somo la lazima katika shule za watu wa kawaida tangu mwaka 1866, miaka kumi kabla Mackay hajapanda meli kuja Zanzibar. Uingereza, baada ya sheria ya elimu ya 1988, iliweka ubunifu na teknolojia kwa watoto kuanzia miaka mitano. Tofauti yake na kazi za mikono tulizozizoea ni ndogo kwa maelezo, kubwa kwa vitendo. Katika kazi za mikono mwalimu anakuja na kikapu kilichokamilika, anasema tengenezeni kama hiki. Katika ubunifu mwalimu anakuja na shida: dagaa wanaanikwa mchangani na kuingia takataka, tufanyeje? Mtoto anachora, anatengeneza, anajaribu, anabomoa, anarudia.

Utaratibu huo haukosekani Mwanza. Umehamia nje ya uzio wa shule. Panda vilima vya mawe vya Mabatini au Igoma wakati wa likizo uone gari za waya zikishuka vichochoroni, magurudumu yake yakiwa ya ndala zilizochakaa, usukani ukiwa mrefu kiasi cha dereva kutembea wima nyuma yake. Hakuna anayetoa kielelezo. Gari linalokata kona vibaya hufumuliwa na kusukwa upya, na aliyegundua namna ya kuyafanya magurudumu ya mbele yageuke huigwa mtaa mzima. Vijijini ni ng'ombe wa udongo wenye pembe zilizopinda kama za ng'ombe wa kwao, na mikokoteni ya mabua. Igombe na Kayenze, panapotengenezwa mitumbwi ya uvuvi, wavulana hukaa karibu na fundi wakimwokotea misumari, na baada ya muda wanapewa kazi ya kusokota pamba na kuigongelea kwenye nafasi za mbao ili maji yasipenye. Mtumbwi usiozibwa vizuri hujitangaza wenyewe siku ya kwanza majini, na hapo hakuna alama ya huruma.

Mabadiliko yamekuja tena. Mtaala uliofuata, ulioanza katikati ya miaka ya 2010, ulileta somo la Sayansi na Teknolojia kuanzia darasa la tatu, na mengi yaliyokuwa ya Stadi za Kazi yakasambazwa au yakapotea. Sasa kuna Sera ya Elimu toleo la 2023, iliyoifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na kufungua mkondo wa amali katika sekondari, ambao ulianza kutekelezwa mwaka 2024. Neno amali limewapa wazazi wengi matumaini, na wana haki. Lakini amali inaanzia Kidato cha Kwanza. Kijana atakayeingia karakana akiwa na miaka kumi na mitatu, hajawahi kupima ubao wala kushika tupa, atatumia mwaka wa kwanza kujifunza alichopaswa kukijua akiwa darasa la nne, na shule nyingi zitakazompokea hazina benchi za kutosha kumvumilia.

Kusubiri mashine kutoka Dodoma kutatufikisha tena kwenye mwaka 1985. Walimu wakuu wa Ilemela, Nyamagana, Magu na Ukerewe wana uwezo wa kuanza na walichonacho: fundi mmoja wa mitumbwi au wa mabati aalikwe mara moja kwa wiki, alipwe kutokana na mfuko wa shule kama anavyolipwa mlinzi, na darasa lipewe shida moja ya kweli kwa muhula, iwe dirisha lisilofunga, bomba linalomwaga maji au dawati linaloyumba. Kamati za shule ziliridhia kununua mbegu za pamba kwa miaka mingi. Ziulizwe sasa kama zitaridhia kununua misumeno miwili, nyundo nne na randa moja.